Mistari Myekundu ya Koridoni

Hajazaliwa mvivu wa kunipiga chenga mimi, na Baba nilimshtukia mapema.

Haki iko wapi? Mimi nibebe ndoo kumi za maji, yeye akae kitini kama bwana harusi! Eti ubongo wake hauiamrishi tena miguu. Daktari wa viungo akabandika tepu nyekundu koridoni, mstari kila hatua. Baba akiona mstari wa kuvuka, mguu unanyanyuka. Nikasema, kumbe dawa ni tepu? Leo tutajuana.

Nikaibandua yote.

Baba akatoka chumbani kwenda chooni. Alipofika kwenye sakafu tupu, akasimama. Vidole vilitetemeka ndani ya ndala, lakini ndala hazikunyanyuka.

"Twende, Mzee, acha maringo!"

"Nataka kwenda, mwanangu," alisema polepole. "Miguu hainisikii. Mistari iko wapi?"

Mkojo ulianza kumtiririka mguuni hadi kwenye ndala.

"Nani kabandua?" Mama alifoka nyuma yangu.

"Labda paka."

Mama alinyoosha mkono, akabandua kipande chekundu kilichonata kwenye kiwiko changu.