Nguzo ya Chaji Uani kwa Sekunda

Sheria ilisema hivi: serikali ikisimika nguzo ya chaji uani kwako, wewe ndiye unayeamua gari lipi lipate umeme. Kwenye barabara ya stesheni, nguzo ilikuwa ya Sekunda peke yake.

Jioni moja Mhoja, shemeji yake aliyemfukuza yeye na wanawe kabla ya matanga ya mumewe kuisha, aliingia na gari lililoishiwa chaji.

“Shemeji, mama hapumui vizuri. Treni ya kwenda hospitali inaondoka sasa hivi.”

Sekunda alichungulia kiti cha nyuma. Mama mkwe aliyelala pale ndiye aliyepiga vigelegele siku vyombo vya Sekunda vilipotupwa nje. Akabonyeza kitufe cha kukataa.

“Lisukume,” akasema, moyo ukiburudika.

Honi ya treni ililia, ikafifia. Ndani, binti yake alikuwa ameacha kula.

“Mama, bibi atalala pale nje?”

Sekunda akamwongezea mchuzi, akafunga dirisha. Kikohozi bado kilisikika.