Viganja vya Sikudhani

Siku hizi mgonjwa hamezi dawa, humezewa. Mtu mmoja mwenye afya huinywa kwa niaba ya nyumba nzima, chembe za dawa zikajijenga zenyewe damuni mwake, zikatoka na jasho la viganja na kumwingia kila anayemshika.

Kwa akina Kibwana, ukoo wa presha, mbeba dawa alikuwa Sikudhani, mkewe Kibwana, naye alikuwa amechoka hoi. Mama mkwe alimshika huku akitazama runinga. Wifi alimshika huku akichati. Hakuna aliyeuliza mwenye mikono ameshindaje. Kibwana peke yake ndiye aliyekuwa akikawia, wakapiga soga mpaka viganja vikalowa.

Jioni hiyo Sikudhani alirudi kutoka zahanati na agizo: mumewe amepona, asimshike tena, la sivyo presha itashuka mno na ataanguka.

Alimkuta Kibwana ameshanyoosha mkono. "Wamesemaje, Mama Rukia?"

Sikudhani akajibwaga kitini. Aliutazama ule mkono, kisha akaushika. "Wamesema tuendelee."



"Na mimi walinipigia simu mchana," alisema Kibwana, akavifumbata vidole vya mkewe. "Haya, tuendelee."