W au A

"Dada, hapa naweka w au a?"

Mdogo wangu anauliza bila kugeuka. Kidole chake chenye kovu la pasi kinaelea juu ya kibodi.

Kozi hii ya programu tuliianza pamoja. Sasa mwalimu anamwita Fundi. Mimi ananiita dada yake Fundi.

Jana programu yake ilifungua faili la misemo ya marehemu mama, ikaisoma mstari kwa mstari, na darasa zima likapiga makofi. Misemo ile mama aliniambia mimi kwanza. Kwa kijiba cha roho nikatoka nje kunywa maji.

Leo anataka kuongeza msemo mmoja. Ukiweka a, maneno mapya yanakaa mwishoni mwa faili. Ukiweka w, programu ikianza tu, faili lote linafutwa kwanza. Mwalimu alilieleza hilo siku mdogo wangu alipokuwa mgonjwa. Mimi nilikuwepo.

"Una nakala nyingine?"

"Ya nini? Si yote imo humu?"

"Weka w," nasema, sauti laini kama mafuta.

Anaiweka. Kisha anaandika msemo wenyewe polepole, midomo ikicheza: Nikiondoka, mama yako ni dada yako.

Hilo mama hakuwahi kuniambia.

Kovu lile la pasi, lilipokuwa bado kidonda, nililipaka dawa mimi, kila asubuhi, nikilipuliza kwa pumzi yangu.

"Bonyeza wewe ianze, dada," anasema, na kunisogezea kibodi.