Njia ya Zahanati

Tangu amzike mkewe, Mzee Kidunda hakutoka nje ya kizingiti ila kwa haja. Nesi alimwonya kwamba asipotembea goti litaganda. Akamjibu, "Ligande."

Jumamosi hiyo wakubwa wa mji walipita na watu wao mchakamchaka, bwana afya mbele na kipaza sauti.

"Mzee Kidunda! Fulana ya mazoezi tuliyokupa iko wapi?"

"Naipigia deki."

Watu wakacheka. Bwana afya hakucheka. "Una uvivu wa moyo, mzee. Mwili ni wako."

"Mgongo huu ulimbeba mke wangu Mwanakheri kwenda zahanati, kule mlimani, kwa kuwa gari la wagonjwa mlilipeleka kubeba viti vya sherehe yenu. Akanifia njiani. Leo unifundishe mwili?"

Mchakamchaka ukasimama.

"Basi yaishe, mzee wangu," bwana afya akasema. "Twende wote uwanjani, kuna chai."

Mzee akaingia ndani, akatoka na kanga ile ile aliyomfungia mkewe mgongoni. Akaizungushia gotini, akakaza fundo, akainuka kwa kushika mlango.

"Kutembea nitatembea. Kila siku ya Mungu. Lakini huko juu, nikaulize gari liko wapi."

Akawapa kisogo, akaanza kupanda, mguu mmoja ukiburuta. Nyuma yake kipaza sauti kikahesabu upya, "Moja, mbili!"

Bi Siwema, muuza uji aliyekuja na wakimbiaji, hakukimbia tena. Aliivua fulana ya mazoezi aliyopewa yeye pia, aliyoivaa juu ya gauni, akaitundika kwenye mlango wa mzee, akatazama mlimani.