Pipa Lililofurika

Binti alikuwa ameshabonyeza "Futa zote" mama yake alipoingia kutoka jikoni, mikono ikimchuruzika povu la sabuni.

"Umefika wapi, mwanangu? Barua pepe yangu imejaa hadi inakataa salamu."

"Itakosaje kujaa, mama? Pipa la taka limefura kama unga wa hamira! Namwaga uchafu wote, upumue."

Mama alicheka, kisha cheko likamkatika. "Pipa gani?"

"La taka."

"Huko ndiko ninakomweka baba yako."

Kwenye skrini, mstari wa buluu ulikuwa ukitambaa taratibu kuelekea kulia. Povu lilidondoka kidoleni mwa mama, likatua mezani, likapasuka kimyakimya.

"Kuliona jina lake pale mbele kila asubuhi nilishindwa," mama alisema. "Kulifuta nako nikashindwa. Nikaona kwenye taka hakuna atakayempekua. Barua zake zote za safarini, na zile za sauti alizonitumia kutoka wodini, wiki ile ya mwisho."

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini binti aliuchomoa waya wa intaneti ukutani kwa nguvu zake zote. Mstari ukasimama karibu na ukingo.

"Amebaki?"

Binti alilifungua pipa. Alitazama kutoka juu hadi chini, na hapakuwa na safari ndefu: barua chache tu zilisalia, na jina la baba halikuwamo. Kisha akainuka, akamsogezea mama kiti.

"Keti kwanza, mama."