Ukurasa wa Shukrani

Siku hizi ukijaza fomu ya uzamivu wa fizikia, kabla hujaituma chuo kinakuletea ukurasa wa shukrani wa tasnifu utakayokuja kuiandika. Wangu uliingia kwenye simu asubuhi, mama akichambua mchele kando yangu.

"Nimo?" aliuliza.

"Umo, tena wa kwanza."

Sikumwambia kwamba jina lake limetanguliwa na neno "marehemu." Nilikwenda kunawa uso, nikajiapiza siombi ng'o. Nitabaki kufundisha hapa hapa sekondari.

"Mama, naona niache tu," nilisema niliporudi.

Akacheka, akapepeta ungo. "Tumpale, woga wako naujua. Fomu uliiacha wazi kwenye kompyuta, nimeshaituma. Si umesema nimo?"