Muonjaji wa Salha

Siku hizi dawa haitoki dukani. Inachorwa na kompyuta kwa ajili ya mwili wa mgonjwa mmoja tu, na sheria inasema lazima ionjwe kwanza na ndugu anayefanana naye zaidi kwa damu. Kwa hiyo Dada Salha alipougua figo, Mama alimwambia Saumu, "Kompyuta imekuchagua wewe, mwanangu. Mmefanana kama shilingi kwa ya pili."

Saumu alifurahi hata akatamba shuleni. Siku sita akanywa kijiko kimoja kimoja, na siku ya saba nesi akaja na tableti yake.

"Haya muonjaji, vidole vipi?"

"Vimekufa ganzi tangu juzi."

"Basi itachorwa upya, utaonja tena Jumatatu. Weka dole gumba hapa kukubali."

Saumu akaona majina mawili kwenye kioo cha tableti. Mama: mfanano asilimia tisini na saba, amekataa. Chini yake: Saumu, asilimia themanini na nane, mbadala.

"Mama, si ulisema ni mimi?"

Mama akaendelea kukunja khanga iliyokwisha kukunjwa. "Mimi nikianguka, nani atawalisha? Usinitazame hivyo, wewe mtoto."

"Ungeniambia tu, Mama. Ningekubali."

Akamgeukia dada yake kitandani, yule aliyemshika mkono kila alipomeza.

"Dada, na wewe ulijua?"

Salha akavuta shuka, akageukia ukutani. Nesi akakohoa kidogo, tableti bado amemnyooshea Saumu.